Maji ya Kwanza Ni ya Masoni

Ninyi banavijana benye munachimba pisini, shimo ya maji ya kuogelea, mu parsele, mu kiwanja yenu ninyi benyewe, na bandugu, bila kuita antreprenere ya kujenga, ninawasikia. Ninapita njiani na fimbo yangu, ninasikia pioshi, ile sururu ya kuchimbia, nyuma ya ukuta ya lupango, miguu inasimama yenyewe. Mukinifungulia mulango nitaingia, nitatia mukono mu muchanga yenu, na nitawaambia makosa yenu yote mbele ya kuonja hata maji ya kunywa. Bibi yangu, mama ya batoto yangu, anasema niko muzee ya kujitia mu mambo ya bantu. Kweli. Lakini miye Mukalayi, masoni, fundi ya kujenga, nilishika truweli, ile ya kupakia simenti, tangu muji hii ilikuwa inaitwa Elizabetvili, wakati ya bazungu. Ile mambo nilijifunza pale, kama siwaachie ninyi, nitaipeleka wapi? Mu kaburi hakuna ukuta ya kupaka.

Basi tuanzie ku muchanga. Musikubali muchanga juu tu kamio, ile lori, iliileta. Kamata kiloko, kidogo tu, mu kiganja, tia matone mbili ya maji, sugua, kiisha fungua mukono. Mukono ikibakia muchafu, ile muchanga iko na udongo ndani, urudishe kwa mwenyewe. Nyumba inaweza kuvumilia udongo, pisini haivumilie. Wakati yetu tulikuwa tunaosha muchanga ku muto, tunaipitisha mu chekecheo, tunaosha tena. Bamama benye balikuwa banafua nguo pale balitucheka: munaosha muchanga sawa muchele! Tunabajibu: ndiyo, bamama, na jioni tutaipika.

Kitu ingine: kona. Pale ukuta inakutana na sakafu, musiache kona kali. Kona kali inapasuka. Sisi tulikuwa tunaikunja muviringo na chupa ya bia, chupa tupu, tunaisukuma polepole mu simenti ya mubichi mupaka kona inakuwa sawa ndani ya bakuli. Leo munanunua bifaa ya plastiki ya kufanyia ile kazi, ninaiona mu maduka, inanichekesha. Ile mayele, ile akili ya chupa, ilikuwa ya Baba Saidi, fundi yangu. Na Baba Saidi alikuwa muisilamu ya kweli kweli, ya kofia na tasbihi, hakuonja pombe hata siku moja. Lakini mu mufuko yake ya kazi chupa ya bia haikukosekana. Ku Kamalondo, kwenye alikuwa anaikala, balevi balikuwa banamuita toka mulango ya bare: "Ee, Baba Saidi! Leo ulikunywa ngapi?" Yeye anatosha chupa mu mufuko, anabaonyesha: "Moja. Ile ya mwaka jana." Na anaendelea na njia yake.

Siku ya kwanza nilifika kwake kuomba kazi, aliniambia nijenge ukuta kidogo ya kufika pa kiuno. Nilijenga. Alitembea mara moja pembeni yake, aliiegemea na tako, ukuta ilianguka. "Jenga tena." Nilijenga, aliiegemea, ilianguka. Mara ya tatu haikuanguka, na yeye aliikala juu yake, alikula mukate yake yote pale. Kesho yake aliniambia nije na truweli yangu. Njo vile nilijua kama nilipata kazi. Mawee! Leo munapewa karatasi yenye muhuri. Miye muhuri yangu ilikuwa tako ya Baba Saidi.

Alikuwa muntu ya Maniema, ya upande ya Kasongo, mutoto ya muto Lualaba. Alifika huku kijana kutafuta kazi, alijifunza umasoni, alioa, alizeeka. Alizoea baridi ya mwezi ya sita, alizoea bukari, ile ugali yetu, na sombe ya majani ya muhogo, alizoea hata sisi Baluba na kelele yetu. Kitu moja njo ilimushinda: kukosa maji. Mito tuko nayo, lakini mito ya kufika mu magoti, ya kufulia nguo. Yeye alikomaa pembeni ya muto yenye ngambo yake unaiona sawa kamustari tu. Alikuwa anaweza kupaka ukuta muzima akinielezea namna ya kulala juu ya maji kwa mugongo: masikio ndani, macho ku mawingu, usifanye nguvu, maji yenyewe inakubeba. Miye nilizaliwa mu mugini, mu kijiji ya kukauka. Juu ya maji nilijua mambo ya mamba tu.

"Baba, na mamba?"

"Mamba anapenda bantu ya woga. Weye angekukula mara mbili."

Anacheka, kiisha anakohoa. Kukohoa yake ilikuwa ya kuanzia asubui. Mavumbi ya simenti ilikwisha kumuharibia kifua, na miguu yake ilikuwa inavimba, jioni anashindwa kuvaa biatu. Siku moja tulikuwa tunapaka baraza ya nyumba moja, aliniambia bila kugeuka: "Mukalayi, kwetu sitarudi tena. Mwili inakatala safari. Lakini mbele ya kufa nitaogelea mara moja. Moja tu. Mu maji ya kufika hapa." Alionyesha shingo. Nilicheka, nilizani ni muchezo. Nilimuangalia tena, mukono yake ilikuwa ingali pa shingo, niliacha kucheka.

Ataogelea wapi? Pisini ilikuwa mingi mu muji, na tulikuwa tunazijenga sisi. Lakini ilikuwa ya bazungu. Tunachimba, tunajenga, tunapaka, tunajaza maji, na siku yenye maji inajaa tunakamata mufuko yetu, tunatoka na mulango ya nyuma. Hakuna mwenye alikuwa anatuambia "musiingie". Hakukuwa lazima ya kutuambia.

Njo tulimupata Bwana Pioshi. Jina ya kweli alikuwa nayo, ndefu, sisi tuliiweka pembeni. Alikuwa muzungu ya mashini, ya kutengeneza motere mu atelie, muntu ya mikono. Bazungu bengine, muntu akitaka pisini, anaita antreprenere na anaenda kunywa kahawa. Huyu alikatala. Alisema pisini ni yake, ataichimba yeye mwenyewe, siku ya posho nyuma ya kazi, ile munaita leo samedi, Jumamosi, na siku ya Mungu, Jumapili, muchana. Alitaka masoni babili tu ba kumuonyesha.

Alikuwa na kitabu moja ya kutoka Ulaya. Anaiweka juu ya bruete, ile toroli ya kubebea udongo, anasoma mustari moja, anachimba, anarudi kusoma. Alitosha shemizi, shati yake, na mugongo yake ikawa nyekundu sawa nyanya. Bazungu benzake bakipita na motokari banapunguza mwendo: muzungu na pioshi, katikati ya bantu beusi, jasho inamutiririka! Njo jina yake ilitoka pale. Jirani moja alikuja kumuambia kwa upole kama anabapatisha bazungu bote haya. Bwana Pioshi alimunyooshea pioshi: "Shika, unisaidie. Tukiwa babili haya itaisha mbio." Jirani alirudi kwake na sikumuona tena pale.

Siku moja tulikuwa tumepumuzika pembeni ya shimo. Baba Saidi alisafisha koo, aliweka uso ya misikiti.

"Bwana, pisini ikiisha, maji ya kwanza unajua inaendaka wapi?"

Bwana Pioshi alifungua kitabu. "Inamwangwa. Simenti ya mupya inaharibu maji, inakausha ngozi. Inaikala siku kazaa, tunaimwanga, njo tunatia maji ya kuogelea."

"Kweli kabisa. Na mbele ya kuimwanga, masoni anaingia."

"Anaingia wapi?"

"Mu maji. Anazunguka, anagusa ukuta yote na mikono, anasikia kama kuna pahali maji inavuta. Macho haiwezi kujua ile kitu, Bwana. Mwili njo inajua. Maji ya kwanza ni ya masoni. Ni desturi ya kazi."

Miye niliinama nifunge kamba ya kiatu, na ile siku nilikuwa miguu tupu. Desturi gani? Tulijenga pisini mingi pamoja, masoni hakulowesha hata kidole! Bwana Pioshi alitafuta mu kitabu, ukurasa kwa ukurasa.

"Hapa habakuandika."

"Ile kitabu baliandika bantu ya baridi, Bwana. Bao bataingia mu maji namna gani?"

Bwana Pioshi alicheka mupaka aliikala juu ya bruete. Aliamini, hakuamini, mupaka leo sijui. Lakini alimuangalia sana ule muzee, aliangalia na miguu yake. "Muzuri," alisema. "Desturi ni desturi." Ku dirisha ya nyumba niliona pazia inarudi pahali yake. Madamu, bibi yake, alikuwa anatusikiliza.

Toka ile siku Baba Saidi akawa kijana. Anafika mbele yangu, anaimba, ananichokoza. Bibi yake alimushonea kaptula ya kuogelea na mufuko ya unga, maandiko ya kiwanda ilibakia pa tako. Tulichekea ile kaptula, na yeye alicheka kupita sisi, lakini aliikunja muzuri sana mu gazeti. Jioni ananiuliza: "Inabakia siku ngapi?" Ninamuambia siku mingi, Baba, hata sakafu haijaanza. Anasema: "Haizuru. Inakuja."

Sasa sikieni kosa yangu, na musikie muzuri, juu naona bamoja kati yenu munataka kuifanya. Munajua kichuguu ya huku, ile kilima ya muchwa yenye inapita nyumba kwa urefu. Huku kwetu kichuguu njo mama ya nyumba yote. Udongo yake tunachomea matofali, tunapigia sakafu, hata bazungu balikuwa banaitandika mu kiwanja yabo ya tenisi. Muntu ya Katanga akisikia "udongo ya kichuguu", moyo inatulia. Mu ile parsele ya Bwana Pioshi kulikuwa kichuguu zamani. Baliisawazisha wakati ya kujenga nyumba, lakini chini yake ilibakia, na shimo yetu iliangukia pale pale juu yake.

Tulikuwa karibu kufika chini, Baba Saidi alipata habari ya kifo ku Kasomeno, shemeji yake. Alienda mu matanga, wiki mbili. Mbele ya kwenda aliniambia: "Mukalayi, mbele ya kumwanga beto, upige fero chini. Kila hatua moja, pahali pote. Fero ikiingia mbio, uchimbe tena." Beto ni zege, na fero ni chuma ndefu tu. Unaipiga na nyundo, na udongo inakujibu: ikilia kavu, kuko nguvu, ikilia sawa ngoma, kuko tundu. Kazi ya siku nzima, ya kuchosha mabega.

Nilifika chini. Udongo nyekundu, ngumu. Nilipiga pioshi, pioshi iliruka. Nilisema: hii ni beto ya Mungu, ninapiga fero ya nini? Na tena, niseme kweli, nilitaka Baba Saidi arudie akute sakafu imekwisha, anisifu mbele ya muzungu. Nilimwanga beto bila kupiga fero. Hata unene nilipunguza, juu kichuguu iko chini, tunaogopa nini?

Alirudi na mavumbi ya njia. Alishuka mu shimo, alipiga sakafu na kisigino.

"Ulipiga fero?"

"Nilipiga, Baba."

"Pahali pote?"

"Pote."

Bongo mbili, uongo mbili, mbio mbio, macho ku macho. Alinigonga pa bega: "Huyu njo mutoto yangu." Ile neno iliniuma, ninakumbuka vile iliniuma. Lakini sikurudi nyuma. Nilijisemea: kichuguu haijadanganya muntu.

Tulijenga ukuta, tulipaka, tulipitisha chupa mu kona, tulilainisha. Kiisha tulitia bomba ya maji, siku mbili mchana na usiku. Na hapa muandike: pisini ikijaa, tia alama pa ukuta na krayo, penseli, kiisha jaza ndoo ya maji, iweke juu ya ngazi ya pisini. Nyuma ya siku tatu angalia yote mbili. Maji ya ndoo ikishuka kidole moja na ya pisini kidole moja, ni jua tu njo ilikunywa. Ya pisini ikishuka kupita ya ndoo, kuko tundu, na utafute.

Sisi hatukuhitaji ndoo. Siku ya Mungu asubui tulifika, Baba Saidi na gazeti yake chini ya kwapa, na tulikuta pisini tupu. Kavu. Katikati ya sakafu kulikuwa shimo ya kuingia bruete. Chini ya beto yangu kulikuwa chumba ya muchwa, nyumba ya malkia yabo, tupu toka miaka mingi, na dari yake ilikuwa nyembamba. Uzito ya maji iliivunja. Kichuguu ilikunywa yote.

Baba Saidi alishuka na ngazi. Alipiga magoti pembeni ya ile shimo, alitia mukono ndani, aliutosha. Aliniangalia. Bwana Pioshi alikuwa juu, sauti inamukatika:

"Nani alipiga fero hapa?"

"Fundi ni miye," Baba Saidi alisema. "Kosa iko yangu."

Ningeweza kusema. Mudomo ilikuwa yangu, na hakuna mwenye aliifunga. Lakini mu ile wakati, ukipoteza kazi, banakurudisha ku mugini na mufuko yako moja, na nilikuwa na bibi ya mimba mu nyumba. Nilinyamaza. Baba Saidi alipanda ngazi, alikamata gazeti yake na kaptula ndani, alienda zake ku Kamalondo na miguu. Miye nilibakia pale na haya yangu.

Kiisha mvua ilianza, na mvua ya huku ikianza haimuachie masoni nafasi. Shimo ilijaa matope, byura balizaa mule. Kifua ya Baba Saidi ilizidi. Nilikuwa ninaenda kumuangalia kila wiki. Ninamukuta amelala, bibi yake anamupatia chai ya tangawizi, na neno ya kwanza ni moja tu: "Shimo yetu inasema nini?" Ninamupa habari sawa habari ya mugonjwa: leo iko na maji, leo ilikauka kiloko. Anasikiliza macho imefungwa. Mara moja bibi yake alinisindikiza ku mulango, aliniambia: "Baba Mukalayi, mufanye mbio." Nilitembea mupaka kwangu ninalia mu njia, muntu mukubwa, na truweli mu mukono.

Hakuna mwenye alinituma, lakini kila siku ya posho, mvua ikiacha kiloko, nilikuwa ninaenda mu ile shimo peke yangu. Ninatosha maji na ndoo, ninabomoa beto yangu, ninachimba ile chumba ya muchwa mupaka mwisho. Na nilipiga fero. Loo! Nilipiga fero kila nusu hatua, mikono ilitoka malengelenge, malengelenge ilipasuka, nilifunga kitambaa na nilipiga tena. Kulikuwa chumba ingine mbili, ndogo. Bwana Pioshi alinikuta siku moja, alinitazama, aliangalia mikono yangu. Ninazani pale alijua. Alivua shemizi, alishuka, alikamata nyundo. Tulijaza ile matundu mawe na beto, tulitandika na chuma juu.

Mvua iliisha. Mudogo yangu alimuleta Baba Saidi nyuma ya kinga, ya baisikeli yake, tulimuikalisha juu ya ndoo ya kupindua, na toka pale alikuwa ananitawala: "Mukono nyepesi! Unapaka ukuta ao unapiga muntu? Chupa sasa, chupa!" Sauti ilikuwa ndogo, lakini nilikuwa ninamusikia hata nikiwa chini kabisa. Nilipaka vile sijapaka tena maisha yangu. Tulijaza maji. Tuliweka ndoo. Siku tatu: ndoo kidole moja, pisini kidole moja.

Nilipita pa ile nyumba mwaka jana. Bwana Pioshi alikwisha kwenda zamani na bazungu benzake, sikupata habari yake tena. Zamu, mulinzi ya mulango, aliniacha niingie kiloko. Pisini balijaza udongo, balipanda matembele. Nilikwaruza na fimbo pa ukingo, simenti yangu iko pale, hakuna hata mustari ya kupasuka. Zamu alizani ninatafuta kitu. Nilimuambia hapana, ninasalimia tu.

Na Baba Saidi alikufa mbele ya mvua ingine kuanza. Tulimubeba ku makaburi ya baisilamu, na miye, mukristu ya kubatizwa, nilitia bega chini ya jeneza, hakuna mwenye aliniambia toka. Nilijenga kaburi yake na mikono hii, kona zote muviringo. Lakini mawazo yangu haiendake ku makaburi. Inaendaka pa ile siku ya Mungu, nyuma ya ndoo kutupatia jibu.

Nilikuwa nimetoka misa. Nilivaa patalo, suruali ya mupya, kijivu, yenye teilere ya Kamalondo alinishonea kwa sikukuu ya Mama Maria, mukunjo wake ungekata mukate. Nilikuja kuangalia tu. Baba Saidi alivua kofia, aliiweka juu ya ndoo. Alibakia na kaptula yake ya mufuko ya unga. Miguu yake ilikuwa mubaya kuona. Nilimushika mukono pa ngazi, hatua ya kwanza, ya pili, mupaka maji ilitaka kunifika pa mukono ya shemizi. Nilimuachilia.

Alisimama, maji pa shingo, alifunga macho. Bwana Pioshi alitosha kofia. Ku baraza Madamu aligeuka, aliingia mu nyumba, alifunga mulango. Baba Saidi hakuona. Alilala kwa mugongo.

Banavijana, ninashindwa kuwaelezea. Ule muzee mwenye alikuwa anapumuzika mara tatu toka kitanda mupaka mulango, maji ilimubeba. Kukohoa iliacha. Alinyoosha mukono moja, kiisha ingine, bila kelele, alienda mupaka mwisho na alirudi. Na alifanya ile desturi yake ya bongo yote, sawa muntu ya kweli ya kazi: alizunguka ukuta zote nne, anazigusa na kiganja. Alipofika katikati, alizama. Nilianza kuhesabu. Nilifika mbali, nilitaka kupiga kelele, na njo alitoka, maji inamutiririka pa uso, anacheka sawa mutoto.

"Iko ngumu! Mukalayi, iko ngumu! Hii mara ulipiga fero."

Hii mara. Basi alijua toka siku ya kwanza, na alibeba kosa yangu mwaka muzima na kifua ile ya mugonjwa. Yeye alinionea huruma, alibadilisha maneno.

"Njoo. Ingia. Nitakushika mugongo, hautazama."

"Baba, niko na patalo ya mupya."

"Vua!"

"Mbele ya muzungu?"

"Muzungu mwenyewe alitosha shemizi mbele yako mwaka mbili. Njoo, mutoto yangu. Maji iko muzuri."

"Siku ingine, Baba."

Alisema "siku ingine", na alilala tena kwa mugongo, masikio ndani. Siku ya kazi ya kwanza nilifungua mufereji miye mwenyewe, ile maji ilienda mu mapapai. Nyuma ya pale nilijenga pisini ingine mingi, ya bazungu, kiisha ya bantu betu, na mu zote nilisimama pa ukingo, kavu. Muntu ya kunishika mugongo hakukuwa tena.

Ninyi munazani muzee anatamani nguvu yake ya zamani, ao bei ya zamani, ao muji ya zamani. Hapana. Ninatamani dakika moja tu. Mbele ya miye kusema "siku ingine", Baba Saidi alikuwa amekwisha kunyoosha mikono yake mbili chini ya maji, namna unapokea mutoto. Na miye, ninawaambia kweli, mukono yangu ilishuka pa kiuno. Nilifungua kifungo ya kwanza ya patalo. Nilimuangalia. Kiisha niliifunga tena.